Precede, proceed, supersede: wanafunzi wayashikeje?

Chaki_Nyeupe:
Wakuu, nafundisha Kiingereza kidato cha pili. Wanafunzi wanachanganya "precede" na "proceed", wanaandika "succes" na "neccessary", na kila neno wanalikariri peke yake. Je, kuna mzizi wa Kilatini unaoyaunganisha? Nianzie wapi?

Mzizi_Mkavu:
Upo, mkuu. Ni "cedere": kwenda, kuondoka, pia kumpisha mtu. Umbo lake la pili ni "cessum", ndiyo maana vitenzi vina -cede au -ceed, na nomino zina -cess au -cession.

Anza na viambishi. Pre- ni kabla: "precede", kutangulia. Pro- ni mbele: "proceed", kuendelea. Re- ni nyuma: "recede", kama maji yanapokupwa, "recession" nayo ni uchumi kurudi nyuma. Ex- ni nje: "exceed", kuvuka kiwango. Maana ya kupisha iko kwenye "concede", na hilo watalishika upesi kwa mpira, maana timu ikifungwa "concedes a goal". Kipindi kimoja maneno sita yanatosha. Ukiwarundikia ishirini, viambishi vyenyewe vitawachanganya.

Herufi_Mbili:
Naongezea tahajia, maana hapo ndipo alama zinapopotea. Vitenzi vya -ceed ni vitatu tu: proceed, exceed, succeed. Chenye -sede ni kimoja, "supersede", kwa sababu kimetoka "sedere", kukaa. Vilivyobaki andika -cede. Angalizo: "procedure" ina e moja baada ya c, ingawa "proceed" ina mbili.

Herufi pacha zina sababu. Sub- ikikutana na cedere, b inageuka c: "succeed", "success". Ad- nayo d yake inageuka c: "access". S mbili za mwisho zimetoka "cessum". "Necessary" imeanza na ne-, yaani "si", na hapo hakuna konsonanti ya kugeuka, kwa hiyo c inabaki moja na s mbili.

Mzizi_Mkavu:
Safi sana. Ila mzizi unaonyesha mwelekeo tu, maana kamili inatoka kwenye sentensi. Waandikie ubaoni: "Mwinyi succeeded Nyerere in 1985." Wengi watasema alifaulu, kumbe ni alimrithi madarakani. Kwa hiyo "successful" ni mwenye mafanikio, "successive" ni wa kufuatana.

Na wasiingize humu "decide", "pesticide" wala "concise". Hayo ni ya "caedere", kukata au kuua.

Chaki_Nyeupe:
Shukrani wakuu. Na "deceased"?

Herufi_Mbili:
Hilo ni la ukoo huu: de- na cedere, aliyeondoka, yaani marehemu. Wasilichanganye na "diseased", mwenye ugonjwa, lililojengwa kwa dis- na "ease". Kwenye matamshi, "deceased" inaishia na sauti ya s na t, "diseased" na z na d.