Kipimo cha mate kinaonyesha fizi zinaumwa?

mama_wawili: Wapendwa naombeni msaada, nikipiga mswaki povu linatoka la pinki kabisa, nasikia kuna kipimo cha mate, ni kweli?

kaka_meno: Pole dada. Kipo, kinaangalia kimeng'enya kinaitwa MMP-8, seli nyeupe za damu zinakimwaga fizi ikipigana na bakteria na ndo kinakata kolajeni, yaani nyuzi zinazoshikilia jino. Unasukutua maji unatema kikombeni, wanachovya kijiti, dakika 5 hivi mistari ikiwa miwili ujue kimepanda.

bi_tanga: Ila hakikwambii jino gani, lazima daktari apime mifuko ya fizi, yaani nafasi kati ya fizi na jino. Na wewe damu ushaiona, usisubiri kipimo, katolewe ukoga. Mume wangu mvuta sigara hakuwahi kutoka damu kumbe mfupa unaliwa, yeye ndo kingemfaa.

mama_wawili: Asanteni, kesho naenda.