Naomba ushauri: kumbadilishia mama aina ya insulini

Ndugu zangu, mama yangu, ambaye tunaishi naye Temeke, ameshauriwa na daktari aache insulini ya kuchoma asubuhi na jioni, aanze glajini, aina nyingine ya insulini inayofanya kazi polepole kwa takriban saa 24. Anasita kwa sababu amesikia kuwa hutengenezwa kwa bakteria, ingawa nimemweleza kwamba hata anayoitumia sasa hupatikana kwa kupandikiza jeni ya binadamu ndani ya bakteria au hamira, teknolojia iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1982, na kwamba zamani insulini ilitolewa kwenye kongosho za ng'ombe na nguruwe, jambo ambalo kwa Mwislamu kama yeye si dogo. Naomba waliowahi kubadilisha wanieleze: je, sukari ilishuka usiku? Na dawa iliyokwisha kufunguliwa mnaitunzaje katika joto hili, hasa umeme unapokatika?