Msimu wa Formula 4 unakaribia, na wazazi wa Uganda wanauziwa bei ya uongo

Wadau wa mbio, nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sifichi. Kila msimu wa Ulaya unapokaribia, madalali wa "viti", yaani nafasi za udereva kwenye timu za Formula 4, ngazi ya kwanza ya magari ya kiti kimoja kwa vijana, wanaibuka Kampala na karatasi zao za rangi: picha ya gari, bendera ya Uganda iliyobandikwa ubavuni kwa kompyuta, na bei moja nene chini kabisa. Mzazi anaambiwa nafasi imebaki moja, alipe kianzio wiki hii, na baada ya miaka mitatu mtoto atakuwa anabisha hodi Formula 1. Watu wanauza viwanja kwa karatasi kama hizo.

Bei ile ni ya uongo kwa sababu imekatwa katikati. Nusu nyingine mtaisikia mkishalipa.

Tuanze na ilikotoka. Formula 4 ilibuniwa na FIA, shirikisho la kimataifa la michezo ya magari, wakati Gerhard Berger akiongoza kamisheni yake ya magari ya kiti kimoja, na Italia ikawa ya kwanza kuianzisha mwaka 2014. Lengo lilikuwa msimu mzima ugharimu kama euro 100,000. Ndiyo tarakimu ambayo madalali wanaendelea kuitaja mpaka leo, kana kwamba hakuna kilichobadilika. Katika ligi kubwa za Ulaya, mtoto anayetaka kushindana na si kujaza gridi anatumia mara kadhaa ya hiyo. Kila anayefuatilia mbio hizi analijua hilo, na dalali analijua kuliko sisi sote.

Sasa ichukueni hiyo hiyo 100,000 muone inavyovimba. Timu za Ulaya hutaja bei bila kodi ya ongezeko la thamani. Italia ni asilimia 22, Uhispania 21, Uingereza 20. Timu ikiwa ya Italia na mlipaji ni mzazi, mtu binafsi, jiandaeni kuongeza euro 22,000. Euro moja ni shilingi elfu 4 na ushee, kwa hiyo hapo ni zaidi ya shilingi milioni 88, na gari bado halijawashwa. Kwenye karatasi ya dalali jambo lote hili ni maneno mawili ya herufi ndogo: "bila kodi". Kuna karatasi hayamo kabisa.

Halafu majaribio. Kwa desturi msimu wa Italia ni raundi saba, kila dereva hupata mbio tatu kwa raundi, na kila mbio ni dakika 30 na mzunguko mmoja. Pigeni hesabu: saa kumi na nusu hivi za mashindano kwa mwaka mzima. Hakuna mtoto anayejifunza gari ndani ya muda huo. Anajifunzia kwenye siku za majaribio, na siku hizo ndizo zinazoachwa nje ya bei. Kila siku ya majaribio ina kodi ya saketi, mafundi, mafuta, tairi, na kilomita za injini, kwa sababu injini imefungwa kwa lakiri na lazima irudi kwa mtengenezaji ikifikisha kilomita zake. Wenzake wa Italia na Uhispania wanakuja na siku nyingi za namna hiyo, wengine pamoja na mashindano ya majira ya baridi kule Ghuba mwezi Januari na Februari, nayo yanalipiwa kivyake. Mtoto wetu anapelekwa na siku mbili tatu, anamaliza wa thelathini, kisha anaambiwa hana kipaji. Hili ndilo linaloniumiza kuliko fedha.

Na mnajua anatokea wapi. Uganda hatuna saketi ya kudumu ya lami. Watoto wetu wanakulia kwenye motokrosi, mbio za pikipiki za vumbi, pale Garuga na Busiika, wachache kwenye gokati, vile vigari vidogo vya mbio, na mchezo tunaoupenda ni rali ya barabara za vumbi. Gari la Formula 4 halina usukani wa pawa wala ABS ya kuzuia tairi kufunga. Breki inakanyagwa kwa mguu wa kushoto, kwa nguvu nyingi mwanzoni wakati hewa inaligandamiza gari chini, kisha mguu unalegezwa taratibu kadiri mwendo unavyopungua na mgandamizo unavyoisha. Ukichelewa kulegeza, tairi la mbele linafunga, yaani linaacha kuzunguka, na kuchubuka sehemu moja. Kuanzia hapo gari linatetemeka kila mzunguko na seti hiyo ya tairi imekwisha kazi. Idadi ya seti kwa wikendi ina kikomo kikanuni. Mgeni akichubua seti mpya katika mazoezi ya Ijumaa, anaingia kufuzu akiwa na tairi zilizochoka, anaanza nyuma, na nyuma ndiko kwenye ajali.

Ajali nazo ni bili yenu. Mkataba wa kawaida wa timu unasema uharibifu wote ni juu ya dereva, hata aliyegongwa kwa nyuma. Kugusana kidogo mzunguko wa kwanza kunaondoka na bawa la mbele, na mara nyingi na pua yake. Gurudumu likigonga ukuta, hesabuni rimu, mikono ya sasponsheni juu na chini, fimbo ya kusukuma shokamzoba, fimbo ya usukani, pengine na kitovu chenyewe. Ni maelfu ya euro kwa kona moja ya gari. Chasi ya kaboni ikipata ufa, hairekebishwi mtaani: inakaguliwa, inarudi kiwandani, na wikendi imekwisha. Ipo bima ya uharibifu, lakini ina kiwango ambacho mteja analipa mwenyewe kwanza kwa kila tukio. Muulizeni dalali kiwango hicho ni kiasi gani na ni nani anayekilipa. Akianza kuzungukazunguka, ondokeni.

Viza. Hapa madalali wanawapumbaza wazazi kabisa. Viza ya kawaida ya Schengen, ile ya nchi nyingi za Ulaya kwa pamoja, inampa mtu siku 90 ndani ya kila siku 180, na huwezi kuomba mapema kuliko miezi sita kabla ya safari. Mtoto akienda kukaa karibu na timu katikati ya Aprili, katikati ya Julai siku zake zimekwisha na msimu bado mbichi. Dawa ni viza ya muda mrefu ya nchi husika, ambayo ina masharti yake ya shule, makazi na mlezi, au kwenda na kurudi Entebbe kila raundi, kwa tiketi mbili, kwa kuwa mtoto wa miaka 15 hasafiri peke yake. Ligi ya Uingereza inataka viza nyingine kabisa. Na wazazi wote wawili waweke ridhaa ya maandishi iliyothibitishwa na wakili, la sivyo mtaishia dirishani ubalozini.

Leseni pia haitolewi na timu, hata mkiambiwa hivyo. Kwa Mganda inatolewa na FMU, shirikisho letu la michezo ya magari, ambalo ndilo mwanachama wa FIA hapa nchini. Iwe leseni ya kimataifa ya mbio za saketi. Ya rali au ya motokrosi haifai. Umri wa chini ni miaka 15, na cheti cha daktari kinahitajika. Anzeni na FMU kabla ya kulipa shilingi yoyote, maana kianzio hakirudishwi kwa sababu leseni imechelewa.

Vifaa navyo visisahaulike. Ovaroli la gokati limetengenezwa kuzuia michubuko, halizuii moto, kwa hiyo mkaguzi hatalipokea. Linatakiwa ovaroli lenye lebo ya FIA 8856-2018 iliyodariziwa kwenye kola, pamoja na nguo za ndani, soksi, glavu na viatu vya daraja hilohilo. Helmeti iwe na idhini ya FIA na vishikizo vya kufungia kinga ya shingo. Helmeti ya motokrosi iacheni Garuga.

Mwisho, huo wimbo wa Formula 1 baada ya miaka mitatu. Leseni kuu, ambayo bila hiyo huendeshi Formula 1, inataka pointi 40 ndani ya misimu mitatu. Bingwa wa Formula 4 anapata 12, wa pili 10, wa tatu 7, halafu 5, 3, 2 na 1. Wa nane hapati kitu. Kimi Antonelli alitwaa Formula 4 ya Italia mwaka 2022, akatwaa Formula Regional ya Ulaya, ngazi ya juu yake, mwaka 2023, akapita Formula 2, mlango wa Formula 1, mwaka 2024, akaingia Formula 1 mwaka 2025. Ndiyo, miaka mitatu! Lakini Mercedes walimchukua tangu akiwa kwenye gokati na wakamlipia mafunzo na majaribio ambayo hakuna dalali wa Kampala anayeweza hata kuyaota. Kumtaja kijana yule mbele ya mzazi wa Ntinda anayekopa benki ni ukatili.

Ninachodai ni kitu kimoja: kabla ya kianzio, karatasi ya timu yenyewe, si ya dalali, yenye mchanganuo. Bei pamoja na kodi. Siku za majaribio ngapi, saketi zipi, tairi mpya seti ngapi kwa kila siku. Injini inalipiwa kwa msimu au kwa kilomita. Ada ya kujiandikisha kwenye ligi imo au haimo. Kiwango cha mteja kwenye bima. Ratiba ya malipo, na nini kinarudishwa mtoto akinyimwa viza. Na asilimia anayochukua dalali, iandikwe. FMU nao wangeweza kuweka haya kwenye ukurasa mmoja na kumpa kila mzazi anayekuja kuulizia leseni. Hawahitaji bajeti kwa hilo, na kila mwaka wanaochelewa kuna familia inayoumia.

Wenye karatasi mlizopewa, ziwekeni hapa mkiwa mmefuta majina ya watu. Tutazipitia mstari kwa mstari.

NYONGEZA: Wengi mnauliza kuhusu ofa ya "siku moja ya Formula 4" kwa bei ya chini. Tazameni picha ya gari. Juu ya kichwa cha dereva kuna upinde wenye nguzo moja mbele yake, ndiyo halo. Magari ya sasa ya Italia, Uhispania na Uingereza ni Tatuus T-421, yote yana halo, na injini ni Abarth ya lita 1.4 yenye turbo, takriban nguvu ya farasi 180. Picha isiyo na halo ni gari la kizazi kilichopita, kama T-014, au kitu cha zamani zaidi. Kwa mtoto anayeonja mara ya kwanza si vibaya, ila bei iwe ya gari kuukuu, na msikubali kuambiwa kwamba muda wake pale utaonyesha kama yuko tayari kwa msimu. Uzito ni tofauti, muda haulinganishwi.

Na kwa aliyeuliza aanzie wapi kama hana fedha hizo: gokati ya tairi za lami, msimu mzima, kabla ya kufikiria gari. Athi River pale Kenya kuna uwanja wa Whistling Morans, mnafika kwa barabara kupitia Malaba au Busia. Akiwa wa mbele pale, hatua inayofuata ni Rotax ya Afrika Kusini, ligi ya gokati zenye injini za Rotax, ambako gridi imejaa na wakaguzi ni wakali. Akishindana vizuri huko, timu za Ulaya zitasoma matokeo yake bila dalali yeyote katikati.