Mtoto anaumwa kwa miezi: mnagawanaje zamu bila kugombana?

Swali
Wakuu, mtoto akilazwa muda mrefu, mzazi mmoja anakesha wodini, mwingine anahangaikia hela. Mkikutana ni bili na lawama tu. Tufanyeje kwa vitendo? "Mvumiliane" tumeshaisikia sana.

Jibu 1
Poleni. Anzeni na usingizi. Ugomvi mwingi wa saa tisa usiku ni uchovu. Msikeshe wote. Mmoja alale masaa matano au sita mfululizo, simu iwe mbali, ndipo mpokezane.

Pili, daftari moja likae kando ya kitanda: jina la dawa, mililita ngapi, saa kamili, nani kampa, joto, katapika baada ya dakika ngapi. Andikeni mkishampa, si kabla. Bila hilo dozi hurudiwa au hurukwa, halafu "si nilikwambia!" inaanza. Akitapika dawa, ulizeni nesi kabla ya kumrudishia.

Jibu 2
Naongezea kwenye zamu. Anayeshinda wodini anageuka mjuzi, mwenzake anabaki tarishi wa kuleta nguo. Kila akimshika mtoto anasahihishwa, mwisho anajitenga, anaambiwa hajali. Apewe zamu nzima walau mara moja kwa wiki, pamoja na dawa na kulisha. Kosa lisilomdhuru mtoto liacheni lipite.

Daktari akisoma majibu, muwepo wote. Aliye mbali awekwe kwenye spika. Habari ya kupelekewa hufika nusu, na aliyeileta analaumiwa kana kwamba ndiye aliyepima.

Jibu 3
Hela zipewe siku yake, mara moja kwa wiki, kwa karatasi na kalamu. Jioni nyingine, dakika 15 za kuongea chochote kisicho ugonjwa wala bili. Mwanzoni mtakaa kimya, ni kawaida.

Ndugu nao wanachosha (kwa nia njema). Chagueni mtu mmoja awape taarifa.

Tendo la ndoa likipungua, semeni: "nimechoka, sijakuchoka wewe." Kimya hapo husomeka kama kukataliwa.

Muulizaji
Shukrani. Na kama mwenzako anaogopa zamu kwa sababu ya mpira wa kulishia (ule mrija mwembamba unaopeleka maziwa hadi tumboni)?

Jibu 1
Afundishwe na nesi, si na wewe. Alishe mbele ya nesi mpaka nesi mwenyewe aridhike: kuhakiki mpira uko mahali pake, kumwinua mtoto kichwa, kupitisha maziwa taratibu, kusafisha mpira kwa maji. Wewe wakati huo nenda kaoge.