Timpsila ya Marekani inaweza kukubali Kongwa?

Mzabibu_Mkavu: Wakuu habari za mchana. Nimeona klipu ya kina mama wa Kilakota huko Marekani wanachimba mmea wa porini unaitwa timpsila, ni jamii ya kunde ila kinacholiwa ni mzizi, wanamenya ganda la kahawia ndani mweupe pee, halafu wanaisuka kwa ile mikia yake ndefu wanatundika ikauke wanakuja kupikia supu au kusaga unga. Huko nako ukame upo, ndo nikawaza shamba langu la Kongwa mahindi yanavyonikaukia. Shemeji yuko huko anaweza kunitumia mbegu. Itakubali au najidanganya?

fundi_mtama: Mkuu ukame siyo ishu, ishu ni muda. Mzizi mpaka ufikie saizi ya yai la kuku ni miaka, siyo msimu. Wafaransa walijaribu kuulima miaka ya 1840 viazi vyao vilipoliwa na ugonjwa, haikufika mbali. Na mbegu usiingize kwenye bahasha kimyakimya, kibali omba TPHPA, ile mamlaka ya afya ya mimea.

Mzabibu_Mkavu: Duh. Na mbona wanachimba mwezi wa sita tu?

fundi_mtama: Kwa sababu ukishakomaa shina linakatika pale chini upepo unalibeba likimwaga mbegu huko mbele, ukichelewa mzizi umebaki ardhini na hujui uko wapi. Wanautambua kwa majani matano yaliyokaa kama vidole na shina lenye manyoya. Ila kuwa makini, kuna mmea mwingine unaitwa lupini, unafanana nao na una sumu.

Mtani wa Manyoni: Mbona mbali hivyo? Ziwa Eyasi hapo Wahadzabe wanachimba ekwa, nayo jamii ya kunde, kina mama na vijiti vyao vya ncha, wanapitisha kwenye moto, wanatafuna wanatema nyuzi. Utamu upo kwa mbali, ila taya utalisikia.

Babu_Mlenda: Vijana hiyo Kongwa mnaijua? Mwaka 1947 Waingereza walikuja na matrekta yao kulima karanga, kiangazi kikaingia udongo ukawa simenti, 1951 mradi ukafa. Hao walikuwa na hela ya serikali, wewe una shemeji. Panda njugu mawe mjukuu wangu, unavuna msimu huohuo.

Mzabibu_Mkavu: 😂😂 Shikamoo babu. Basi nani ana mbegu nzuri ya njugu mawe karibu na Kibaigwa, na debe anauzaje?