Patroni anasema jurnalie (mutumishi wa kulipwa kwa siku) hana konje (mapumziko ya kulipwa), ni kweli ao anatuchezea?

Kijana wa Ruashi
Bandugu jambo yenu. Mi natumika mu depo moja ya simenti na mabati hapa Lubumbashi toka 2021. Nilianza na kupakia mifuko, kisha bakaniweka ku stoki, njo mi naandika byenye biliingia na byenye bilitoka. Kontra ya kuandika sijayionaka ata siku moja. Kila siku ya mposho tunapanga mulolongo, tunasinye mu kaye, banatupa franga mu mukono, bas.

Sasa bibi yangu alizala juzi, nikaomba siku mbili tu, patroni akasema mwenye hakutumika hakulipwa. Nikamuuliza basi na konje yangu ya mwaka iko wapi, akacheka mbele ya benzangu bote: jurnalie hana konje, konje ni ya batu ba biro. Na hospitali nililipa mi mwenyewe, nilikopa kwa shemeji. Njo naomba mwenye kujua sheria anambie kweli. Musinambie tu vumilia, ile nimeisikia sana.

Papa Delege
Leki, pongezi kwa mutoto kwanza. Mi nilikuwa delege wa sendika (chama cha batumishi) myaka mingi, na hii hadisi ya "jurnalie" naijua sana, mapatroni banaipenda juu inawapunguzia makuta.

Sikiliza. Kode ya kazi ya Kongo ya 2002 (sheria 015/2002, baliigusa tena 2016) inaruusu kukamata mutu kwa siku kwa siku, lakini iko na mupaka: ukisha kufanya siku 22 za kazi ndani ya miezi mbili, na akikukamata tena mbele ya ile miezi mbili kuisha, sheria inaona kontra yako ni ya wakati usio na mwisho. Haiangalie vile patroni anakuitaka. We uko toka 2021 kila siku, ile siku 22 uliipitaka zamani sana! Tena kontra inatakiwa kuandikwa, na kama haikuandikwa ni ile ile, inazaniwa ni ya wakati usio na mwisho mpaka mwenye kubisha alete prevu (ushahidi).

Sasa konje: siku moja ya kazi kwa kila mwezi muzima uliotumika, ni kusema 12 kwa mwaka, na inaongezeka siku moja kila ukimaliza myaka 5 kwa patroni ule ule. Na uko unalipwa mu konje, haina kuenda kulala na njaa. Bibi akizala, siku mbili, za kulipwa pia. Matunzo ya hospitali ya mutumishi na ya jamaa yake ni muzigo wa patroni. Kwa hiyo ile deni ya shemeji haikukuwa yako.

Fundi Kampemba
Papa, byote unasema ni bizuri mu karatasi. Lakini uyu kijana akiingia kesho kwa patroni na Kode ku mukono, siku ya mposho inafwata jina yake haiko tena mu kaye, na ku mulango batu makumi banangojea ile nafasi. Mi niliona vile mu garaji yetu. Sikatae sheria, nasema tu afikirie kodi ya nyumba na maziwa ya mutoto mbele ya kupiga kelele.

Mama wa Katuba
Fundi uko na haki kidogo, lakini tukiogopa bote njo banaendelea. Niongeze kwa bamama banasoma hapa: mwanamuke akizala ni wiki 14 za mapumziko, zenye hazipite 8 nyuma ya kuzala, na analipwa mbili ya tatu ya mushahara, na akirudi ku kazi na mutoto anayonya, nusu saa mara mbili kwa siku ya kunyonyesha. Kwetu ku alimantasio (duka ya byakula) balituambia "enda uzale, utarudi kama nafasi iko". Ile ni uongo, kontra inasimama tu, haikufwe.

Na CNSS (kasha ya serikali ya pansio) je? Kijana, banakukataka kitu ku ile franga ya mposho?

Kijana wa Ruashi
Aksanti bote. Mama, siku zingine banakata, banasema ni ya CNSS, lakini namba sinayo na fishi ya pei (karatasi ya mushahara) sijayionaka. Papa Delege, naogopa vile Fundi anasema. Prevu ntatoa wapi kama kontra hakuna? Na ya myaka ya nyuma inapotea?

Papa Delege
CNSS ni asilimia 5 kwako na 13 kwa patroni. Kama anakata na hapeleke, ile ni kukula makuta ya uzee yako, enda ku biro yabo na karte yako uulize kama jina yako iko.

Prevu: bila kontra ya kuandika, mutumishi anaruusiwa kuonyesha na njia zote. Piga picha ya kaye pale unasinye, chunga mesaje za patroni, ma bo (karatasi za bintu biliingia na bilitoka) zenye uliandika ku stoki na mukono yako, na benzako babili batatu benye banaweza kusema. Fanya ile polepole MBELE ya kusema kitu kwa mutu yeyote, hapa Fundi ana haki.

Kisha enda ku Enspeksio ya kazi, biro ya serikali yenye inachunga sheria ya kazi. Tribinali ya kazi haikupokee kama haujapita kwa enspekteri, yeye anaita patroni, anajaribu kuwapatanisha, ikikataa anaandika prosè-verbal (karatasi ya kusema hamukupatana) na njo unaenda nayo mbele. Usichelewe: deni ya mushahara inakufwa nyuma ya mwaka moja toka siku ilipashwa kulipwa, madai ingine mingi nyuma ya myaka 3. Ukipeleka lalamiko kwa enspekteri ile saa inasimamishwa. Kulalamika kwa patroni kwa mudomo haisimamishe kitu.

Na akikufukuza juu ulilalamika, sheria inasema ile haina sababu ya kufukuza mutu, tribinali inaweza kumulipisha mpaka mishahara ya miezi 36. Haina kusema utazipata zote ao kesho, kesi inachukua wakati.

Fundi Kampemba
Na sentineli wa usiku, ni vile vile?

Papa Delege
Vile vile. Fungua swali yako mbali, yaya, hii ni ya kijana.