Kijana wangu hakuchaguliwa NFL: aende Kanada au amalize chuo kwanza?

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Tunaishi Minnesota. Kijana wangu anacheza futiboli ya Kimarekani chuoni, ni mpokea pasi wa pembeni. Ana mbio, na mpira ukishamgusa vidoleni hautoki hata beki akimng'ang'ania. Kinachomwangusha ni umbo dogo. Raundi zote 7 za uchaguzi wa wachezaji wapya wa NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, zimepita bila jina lake kutajwa. Klabu moja ikamwita kambi ya majaribio, akarudi bila mkataba.

Yeye mfano wake ni Adam Thielen: hakuchaguliwa mwaka 2013, akaingia Vikings, timu ya NFL ya hapa Minnesota, kwa majaribio, akaanzia kikosi cha mazoezi, na 2018 akafungua msimu kwa mechi 8 mfululizo za kupata yadi 100 au zaidi kwa kupokea pasi. Namwelewa, na natamani sana afike. Lakini amebakiza muhula mmoja apate shahada.

Tulituma video Kanada, timu moja imemwalika. Huko uwanja ni mpana zaidi na timu ina majaribio 3 tu ya kusogeza mpira badala ya 4, kwa hiyo pasi ni nyingi. Wakala naye amejitokeza, ila anataka tumlipe kabla ya mkataba wowote.

Naomba ushauri: kuna mwenye kijana aliyecheza Kanada huku akimalizia masomo, aliwezaje? Na huyu wakala kudai hela mapema ni kawaida? Ninavyojua, kwa NFL ada ya wakala hulipwa mchezaji akishapata mshahara, isiyozidi asilimia 3.